Zamu ya Makasia

Katika mashua ya Verlin na Ardis kulikuwa na sheria moja tu, na waliishika kuliko zote walizoapa kanisani: anayeshika samaki, anashika makasia. Mmoja anasimama omo, mbele ya mashua, na ufito wake wa kuvulia, anarusha nzi wa manyoya, chambo cha bandia kinachoficha ndoana, juu ya maji. Mwingine anakaa katikati, anapiga makasia. Samaki akishaingia wavuni, akatazamwa, akasifiwa na kurudishwa mtoni kwao, wanabadilishana nafasi. Hakuna rufaa.

Kwa sheria hiyo Ardis alikuwa amestarehe tangu ujana wake. Verlin alikuwa fundi wa kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, hana mwenziwe mto mzima wa Madison. Akisimama omo, kabla hujamaliza kumenya yai ameshashika, na makasia yamemrudia. Ardis naye trauti walimjua na kumheshimu kama jirani asiye na madhara. Basi yeye husimama omo tangu asubuhi hadi jua liiname, anarusha nzi, anapiga soga, anaendeshwa na mume kama malkia. Wanawake wa mji wao, Ennis, walimwonea huruma kwa kutojua kuvua. Yeye aliwaonea huruma kwa kutojua kuolewa.

Siku hiyo, safari yao ya kwanza tangu theluji iyeyuke, mambo yaligoma. Jua lilikuwa limepita utosini na Ardis bado alikuwa kwenye makasia. Malengelenge ya viganjani yalishapasuka, na mengine yalikuwa njiani. Mbele yake palikuwa na mgongo wa Verlin, mpana kama mlango wa ghala, na mbele ya mgongo huo samaki walikuwa wakila kama waliosamehewa deni. Ulikuwa msimu wa nzi wakubwa wa rangi ya chungwa, wale wanaoanguka kutoka kwenye miti ya mierebi kama walevi wanaotoka baa. Trauti walikuwa wamesahau adabu zote. Verlin alirusha, mdomo ukafunguka majini, nzi akaingia, Verlin akainua ufito. Uzi ukarudi mtupu.

"Umekosa tena," alisema Ardis.

"Amekula vibaya."

"Amekula vibaya! Amekula kama mchungaji kwenye karamu ya mazishi. Wewe ndiye umelala."

"Piga makasia, mama. Maneno hayasukumi mashua."

"Yangesukuma, saa hizi tungekuwa Ghuba ya Meksiko."

Mabega ya Verlin yalitikisika kwa kicheko, na Ardis akafurahi kidogo, maana tangu majira ya baridi mume wake alikuwa amepunguza kucheka. Lakini viganja havikufurahi.

Gus Pelkey, jirani yao, aliwapita akiwaendesha wageni wawili waliovaa kofia mpya. Gus hakuwahi kumwona Ardis kwenye makasia mchana kama huo. Akapiga mluzi.

"Shemeji! Umefungwa?"

"Kifungo bila faini, Gus. Huyu leo hashiki hata mafua."

"Basi mzee, mkikaribia Meno ya Bibi umpokee, ee? Maji yamejaa. Mimi nitakuwa gatini nawangoja, bia ziko kwenye barafu."

Verlin aliinua mkono wa kulia bila kugeuka. Mashua ya Gus ikakata kona, ikapotea.

Meno ya Bibi ni mawe matatu yaliyosimama katikati ya mto, juu kidogo ya gati la kutokea. Yaliitwa hivyo kwa sababu yamebaki matatu na bado yanauma. Mwaka juzi yalimmeza daktari wa meno kutoka Denver. Mji ulicheka kwanza, ndipo ukalia. Kabla ya hayo mawe, kingo zote mbili ni mwamba mtupu, mrefu, na ukishaingia hapo huna pa kushukia. Ardis alikuwa ameyapita mara nyingi, lakini kila mara akiwa omo, macho ameyafumba, Verlin akiwa nyuma yake kwenye makasia. Kuipitisha mashua hapo mwenyewe, hajawahi hata siku moja.

Kwa hiyo Ardis alitaka kitu kimoja tu duniani: samaki mmoja, hata wa kidole, aingie wavuni kabla ya Meno ya Bibi, ili sheria imrudishe Verlin mahali pake.

Walipotia nanga kula mkate na soseji ya paa, alijaribu hata kuipinda sheria.

"Njoo tubadilishane tu. Sitamwambia mtu."

"Sijashika samaki."

"Nani anahesabu?"

"Wewe. Umehesabu tangu tuoane." Verlin alikuwa akila kwa mkono mmoja, wa kushoto ameutumbukiza mfukoni. Kahawa hakumimina, alingoja amiminiwe. Ardis aliona na hakuona. Jicho likishamzoea mtu halimtazami tena, linahakikisha tu kwamba yupo.

Na tena alikuwa amemsamehe mengi asubuhi ile. Walipokuwa wakiingia mashuani, Verlin alivua jaketi lake la kujiokolea majini, akamtandikia kwenye kiti cha makasia. "Kalia hili, kiti kigumu." Ardis akalikalia juu ya maungo yake ya kizee, akasema moyoni kumbe bado napendwa, na makosa mawili ya mwaka jana akayafuta papo hapo.

Mchana ulipoinama upepo uliingia bondeni. Mto nao ulianza kuharakisha, na ukingo wa kushoto ukaanza kupanda juu kuwa mwamba. Verlin alirusha uzi nyuma, upepo ukaudaka, na nzi akamchapa Ardis shavuni.

Kila mpiga makasia wa mto ule ameshavuliwa na mwenziwe angalau mara moja. Sikio la kulia la Ardis lina tundu ambalo hakulitoboa kwa ajili ya hereni. Basi alifumba macho, akakunja uso, akangoja maumivu. Maumivu hayakuja. Nzi aliteleza shavuni, akaanguka mapajani kama nzi wa kweli aliyechoka.

Ardis alimbana kwa kidole gumba, akamtazama. Alikuwa kazi ya Verlin, hakuna shaka: nywele za paa, manyoya ya jogoo, uzi wa chungwa uliofungwa kwa subira ya majira yote ya baridi. Lakini chini ya tumbo, pale ndoana inapopaswa kupinda, hapakuwa na kitu. Ilikuwa imekatwa kwa koleo, safi.

"Verlin. Huyu nzi hana ndoana."

Mgongo haukugeuka. "Imevunjika kwenye jiwe."

Kibati chake cha nzi kilikuwa sakafuni, karibu na mguu wa Ardis. Aliyaachia makasia yaburutwe na maji, akakifungua. Walikuwa wamejipanga humo wote, wa chungwa, wa kahawia, wale wadogo weusi wa mwisho wa kiangazi. Wote walikuwa wamekatwa. Hakubakizwa hata mmoja.

"Na hawa wamegonga jiwe wakiwa ndani ya kibati?"

Mashua ilikuwa imeanza kwenda upande. Verlin aligeuka. Kwa mkono wa kulia aliutoa ule wa kushoto mfukoni, kama mtu anayetoa mali isiyo yake, akauachia uning'inie. Vidole vilikuwa vimejikunja na havikukunjuka.

"Huu umekufa," alisema. "Wa kulia unarusha bado, lakini hauvuti kitu. Nikishika samaki siwezi kumleta. Nikimleta, utanipa makasia. Ukinipa makasia, utajua."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwisho."

Ardis alitafuta theluji ya mwisho kichwani mwake, akaipata. "Ulikwenda Bozeman kununua matairi."

"Nilikwenda kwa daktari."

"Nikakuuliza matairi yako wapi. Ukasema bei mbaya."

"Bei ilikuwa mbaya."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka wiki nzima.

"Kasemaje?"

"Mikono kwanza. Halafu miguu. Halafu kumeza, halafu pumzi. Dawa hakuna. Kijana mpole sana, alinishika bega."

Kutoka mbele, mto unakoelekea, sauti ilianza kuja, kama lori linalosaga mawe lisilofika. Sasa mwamba ulikuwa umesimama pande zote mbili. Ardis alidaka makasia, akaisawazisha mashua, na alipojisogeza kitini alilihisi lile jaketi chini yake. Moja alikuwa amelivaa. Moja alikuwa amelikalia. Verlin mbele yake alikuwa amesimama na shati tupu.

Alilielewa lile jaketi polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya.

"Nimelikalia hili tangu asubuhi," alisema. "Mbwa wewe. Nimelikalia nikisema mume wangu ananipenda."

"Nakupenda."

"Ulipanga nini pale mbele?"

Verlin alitazama maji. "Nisimame tu. Nisijishike. Wewe ungepita, una nguvu kuliko unavyojisema. Watu wangesema mto umemchukua. Ni afadhali hivyo, Ardis, kuliko kulishwa uji kwa kijiko."

"Nani kakwambia ningekulisha kwa kijiko? Ningekumwagia." Sauti ilimkatika hapo katikati ya utani, akaiacha ikiwa imekatika. "Kaa chini."

"Ardis."

"Kaa chini, au naachia makasia na tunakwenda wote. Sina nguvu za kufika gatini peke yangu nikaulizwe maswali na Gus Pelkey."

Ardis alifungua viganja vyake kidogo, makasia yakaanza kuteleza. Ardis alikuwa amemdanganya mume wake mambo mengi maishani, ya bei za viatu na ya nani alivunja taa ya gari, lakini hakuwahi kumtishia jambo akaacha kulitenda. Verlin alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alisimama bado kidogo, akiyatazama Meno yanavyochomoza na povu lake. Kisha akaketi sakafuni, mgongo wake ukiegemea miguu ya mkewe. Ardis alimvisha jaketi kichwani kwa pupa, kama anayemvisha mtoto mkaidi.

"Niambie sasa."

"Elekeza pua kwenye jino la kati."

"La kati ndilo linaloua!"

"Elekeza hapo hapo, halafu vuta nyuma. Usisukume. Vuta kama unaukimbia mlango wa mkweo. Vuta! Kulia zaidi. Kulia, mama, kulia!"

Alivuta. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye mbao. Jino la kati lilikuja kubwa, jeusi, likiteleza, akaliona mpaka ukoga wake. Mashua iligonga ubavu, ubao ukalia, ufito wa Verlin ukavunjika mara mbili kama bua na kuchukuliwa na maji, kibati cha nzi nacho kikaufuata. Kasia la kushoto liliruka kutoka mahali pake. Alilirudisha kwa kifua. Halafu kelele zikawa nyuma yao.

Mbele maji yalikuwa mapana na tulivu, na trauti walikuwa wakipanda kula kila mahali, vijiduara juu ya vijiduara. Ardis aliingoja furaha imfikie. Watu husema ukiponea mauti hujisikia mwepesi. Yeye alijisikia kama gunia lililoloa.

"Umepita vizuri," alisema Verlin, kwa sauti ya mtu aliyekosa gari la mwisho.

Ardis alipiga makasia kuelekea gatini. Aliutazama utosi wake, nywele zilizobaki zimelala kwa maji. Alifikiri: mashua hii ni ya watu wawili. Mmoja akivua, mmoja anaendesha. Sasa wa kuendesha yupo, wa kuvua hayupo. Na akitaka kuvua yeye, wa kuendesha hayupo. Hesabu ilikuwa rahisi, ya darasa la pili, na jibu lake lilikuwa hakuna.

"Usimwambie Gus," alisema Verlin. "Leo usimwambie."

Maji yalikuwa yakiingia taratibu kwenye ubao uliopasuka. Mpaka wanagusa gati yaliwafika vifundoni. Gus Pelkey alikuwa hapo, wageni wake wameshaondoka, bia mkononi. Aliikamata kamba, akaivuta mashua mchangani, akaona ubao, akapiga mluzi wa chini.

"Bibi amewauma! Nani alikuwa kwenye makasia?"

Ardis alishuka majini na kuingiza mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya koti, haraka, kama mwizi wa mayai. Chumvi ya jasho ilimchoma viganjani mpaka machozi yakamlenga.

"Yeye," alisema. "Nani mwingine?"

"Kwa hiyo alishika hatimaye!" Gus aliijua ile sheria, mto mzima uliijua. "Nilisema mimi. Nilisema huyu mzee hawezi kumaliza siku bila kitu. Wapi?"

"Juu kidogo ya Meno."

"Na ni mkubwa?"

Verlin alikuwa ameshuka upande wa pili. Alisimama kando ya mkewe, maji yakimtiririka, mkono wa kushoto mfukoni, na baada ya kufikiri kidogo akauingiza na wa kulia.

"Mkubwa," alisema.

"Mkubwa kiasi gani? Acheni kubana, nionyesheni!" Gus aliiweka bia mchangani, akainyoosha mikono yake mwenyewe hewani, nafasi kidogo katikati, kuwaanzishia. Akaipanua. Akaipanua tena, anacheka, anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Hivi? Hivi? Semeni basi, nyinyi watu! Verlin? Shemeji?"

Walisimama mbele yake bega kwa bega, na hakuna aliyetoa mkono mfukoni.