Alama ya Tatu ya Maji Matamu

"Hivi, bibi, haya mashuka yako yanasomeka, au macho yangu ndiyo yamezeeka?"

Ndivyo alivyouliza jirani fundi viatu asubuhi moja, misumari mdomoni, kiatu cha mtu kimelala magotini. Alikuwa amekaa kibandani kwake, ng'ambo ya barabara. Aliyeulizwa ni dobi mjane, ambaye wakati huo alikuwa anabana shuka la mwisho kwenye kamba. Mjane alifuta mikono, akarudi nyuma kidogo kama mtu anayetazama picha ukutani, akajibu kwamba yanasomeka. Yalianza kusomeka tangu kiangazi kilipoingia. Hakutangaza kwa sababu alidhani kila mwenye macho ameona.

Fundi viatu alitema misumari kiganjani, akavuka barabara kusoma.

Maandishi hayakuonekana nguo ikiwa mbichi. Yalianza kujitokeza shuka likishaacha kudondosha maji, kwanza kwenye pindo, rangi yake kama chai iliyomwagika zamani. Shuka likikauka kabisa, ukurasa ulikuwa umejaa. Mashuka mapana yalibeba mambo makubwa: mwenendo wa nyota, maradhi ya mifupa, namna ya kugawa urithi bila ndugu kukatana mapanga. Foronya zilikuwa za watoto. Zilitoa hesabu za kujumlisha, na palipokosewa palikuwa pamesahihishwa. Taulo hazikuandikwa kitu, kwa kuwa taulo ina manyoya na kalamu haipiti. Pasi ya moto ikipita juu, yote yalifutika. Ndiyo maana wageni wa nyumba ya wageni ambayo mjane aliifulia mashuka hayo waliendelea kulala kwenye weupe mtupu bila kujua walichojifunika.

Hakuna aliyeuliza yanatoka wapi. Uwanja wa kuanikia ulikuwa mahali pale pale ilipokuwa Nyumba ya Elimu, na ukichimba shimo la nguzo ya kamba ulikuta udongo mweusi hadi kwenye kiwiko. Wazee walisimulia kwamba Jemadari alikuja na farasi wake, akaitia moto Nyumba ya Elimu na vitabu vyake na waliokuwamo, kisha akafunga farasi juu ya majivu kwa sababu yalikuwa makavu na ya vuguvugu. Alipokufa kwa uzee, kitandani kwake, walimpa barabara ya kuitwa kwa jina lake. Baadaye wakampa soko, zahanati, na shule ya msingi. Mjane mwenyewe alisoma katika shule hiyo hadi darasa la saba, na humo ndimo alimojifunza kusoma. Kwa hilo alimshukuru Mungu, na walimu wake mmoja mmoja. Jemadari hakumtaja.

Alikuwa mtu wa kushukuru. Kamba ikikatika na nguo zote zikaanguka, alishukuru kwamba zimeanguka upande wa majani. Fundi viatu alizoea kumtania: "Wewe bibi, hata ukiumwa na nge utasema afadhali hakuwa nyoka." Mjane alimjibu kwamba ndivyo ilivyo, afadhali.

Jambo moja tu lilikuwa linamshinda, nalo ni maji. Kisima cha mtaa kilitoa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayana urafiki na sabuni. Unasugua mche mzima unapata utelezi tu, povu hakuna. Mashuka yalikuwa yanageuka manjano kama meno ya mvutaji. Mikono yake na ya mkwe wake, mke wa marehemu mwanawe, ilipasuka mpaka wakawa wanasuuza huku wameuma midomo. Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa amesema kwa adabu kwamba mashuka yakiendelea kuwa manjano, atayapeleka kwenye mashine za mjini. Nyumba ile ya wanawake wawili ilisimama juu ya mashuka hayo. Yakiondoka, haikuwa na nguzo nyingine.

Kwa hiyo siku lilipotokea somo la maji, mjane hakulipiga pasi. Lilikuwa juu ya shuka la kitanda kikubwa, mwandiko wa mwanafunzi makini. Lilisema kwamba katika ardhi ya chumvi maji matamu hayakosekani, ila hujificha, na huyajui ila kwa alama tatu. Hapo maandishi yalikatizwa na doa la kuungua, umbo la ulimi, rangi ya hudhurungi. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mzima, palikuwa na maneno mawili: *Tutaendelea kesho.*

Mjane alilisoma kwa sauti. Mkwe alilisoma. Fundi viatu alilisoma mara nyingi, akasema huyu mwalimu angekata mahali pengine. Likaanuliwa, likakunjwa, likawekwa juu ya kabati. Meneja akaambiwa shuka moja litachelewa.

Katika siku zilizofuata masomo mengine yaliendelea kuja, la maji halikurudi. Mjane aliliwaza wakati wa kufua na wakati wa sala. Mwisho akamwambia mkwe alichokifikia. Mwalimu aliyesema kesho alikuwa na nia ya kuendelea. Lakini mtu hawezi kuingia kufundisha mahali ambapo jina la aliyemchoma limepigiliwa mlangoni. Kibao kilikuwa palepale kwenye nguzo, kwenye njia ya kuingilia uwanjani: *Barabara ya Jemadari Mshindi.* Hata yeye mjane, alisema, asingeingia.

Mkwe aliona ni kweli. Fundi viatu naye aliona ni kweli, akaongeza kwamba yeye angerudi angalau amtukane. Wakaomba nafasi mbele ya baraza la mji, wakapewa.

Asubuhi ya kwenda barazani, mkwe aliamka mapema, akatia mkaa kwenye pasi, akapiga pasi gauni la mama mkwe wake, kilemba chake, na lake mwenyewe. Kisha akaliona shuka juu ya kabati. Lilikuwa na makunyanzi. Alikuwa anajua, kama mtaa mzima ulivyojua, pasi inafanya nini. Lakini mikono ya dobi ina akili zake, na mbele ya wakubwa hupeleki kitu chenye makunyanzi. Alilitandika mezani, akalinyunyizia maji, akalinyoosha pindo kwa pindo, akalikunja kwa mraba. Alipoiweka pasi chini ndipo kichwa kilipofika mahali mikono ilipokuwa.

Alimwambia mjane njiani, analia. Mjane alitembea hatua chache. Halafu akasimama, akamfuta machozi kwa ncha ya kilemba kilichonyooshwa vizuri.

"Nyamaza, mwanangu. Yule alichoma kwa chuki. Wewe umechoma kwa heshima."

Akaongeza kwamba wamshukuru Mungu, maneno yenyewe wote wameshayashika kichwani.

Barazani walikaribishwa viti. Mjane alisimama akaeleza: Nyumba ya Elimu, farasi, mashuka, somo la maji, kesho ya mwalimu. Akalikunjua shuka. Waheshimiwa walilitazama. Mwenyekiti alisema ni jeupe kuliko alivyotegemea kwa maji ya mtaa ule, na mmoja akauliza kama wanapokea na mapazia. Mjane alisema somo lilikuwamo, limefutwa na pasi. Hakuna aliyembishia. Mtu wa mipango miji alisema nyumbani kwake pia foronya huwa zinatoa hesabu, na mtoto wake amefaulu.

Katibu wa baraza alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Alieleza kwamba Jemadari alichoma, hilo linajulikana, hata kwenye vitabu vya shule limo kwa kifupi. Lakini jina limeshaingia kwenye mihuri, kwenye ramani, kwenye magari ya zahanati. Watu wamelizoea.

"Bibi yangu," alisema, "jina ni jina tu."

"Kama ni jina tu, mheshimiwa, basi libadilisheni."

Katibu alicheka mpaka akakohoa, akasema bibi ana maneno. Waheshimiwa wakashauriana. Wakaamua kwamba jina libaki. Lakini kwa kuwa wakazi wamejitokeza, na kwa kuwa kibao chenyewe kina kutu, kishushwe, kipakwe rangi upya, herufi zikolezwe, kirudishwe. Katibu aliwasindikiza hadi mlangoni, akamwambia mjane kwamba hata hivyo hakutoka mikono mitupu. Mjane alimshukuru. Alimaanisha, kwa kuwa katibu, pamoja na kikohozi kile, alisimama kuwasindikiza.

Mchoraji wa vibao alikuja asubuhi iliyofuata. Alikifungua kibao, akakibeba hadi kwenye kivuli cha kibanda cha fundi viatu, akakilaza juu ya matofali, akaanza kukwangua kutu. Nguzo ikabaki tupu. Mjane na mkwe walikuwa wameanika tangu alfajiri.

Mchana, mtu alipiga hodi kwenye njia ya kuingilia.

Alikuwa mrefu, joho lake limeungua pindo lote la chini, na alinuka moshi kama mtu aliyetoka jikoni kwa mtu. Mkono wa kulia ulikuwa mweupe kwa chaki hadi kwenye kifundo. Alifuta miguu kwenye gunia kabla ya kukanyaga uwanja.

"Karibu, mwalimu," alisema mjane.

"Samahani," alisema mwalimu. "Nilisema kesho."

"Hujachelewa. Mashuka bado mabichi."

Mkwe alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe. Aliyanywa yote, ingawa ni ya chumvi, akashukuru. Mjane aligeuza mabeseni juu chini yawe viti, akamwita fundi viatu, na majirani wawili watatu waliokuwa wanapita wakaingia wakakaa. Mwalimu aliuliza walikuwa wamefika wapi. Fundi viatu alinyoosha mkono kwanza, kisha akasema walifika kwenye alama tatu, na hata moja hawajaambiwa.

Mwalimu akafundisha. Hakuwa na haraka. Alizungumza akiwa ameupa mgongo ukuta, na kila alichosema kilijitokeza juu ya shuka lililokuwa karibu naye, kikikauka pamoja nalo. Alama ya kwanza, alisema, ni mahali ambapo umande wa asubuhi unachelewa kuondoka kuliko kwingine, hata kama jua linapapiga sawasawa. Alirudia, kwa sababu jirani mmoja alikuwa anapiga chafya. Alama ya pili ni sisimizi: huhamishia hapo mayai yao kiangazi kikikaza, na hawaondoki mpaka mvua. Alimuuliza mkwe arudie. Mkwe alirudia yote bila kukosea, na mwalimu alimwambia ameshika. Mkwe aliinamisha kichwa. Hakuwa amesifiwa na mwalimu tangu alipoacha shule darasa la tano, kaka zake walipohitaji viatu.

Kwa alama hizo mbili walichimba baadaye, nyuma ya jiko, pale umande ulipochelewa na sisimizi walipojaa. Maji yaliyotoka hayakuwa matamu. Wala hayakuwa ya chumvi kama yale ya kisima. Povu lilipatikana, si jingi, la kufunika kiganja na vidole tu. Manjano yalipungua, meneja akasema atasubiri, na mipasuko ya mikono ikafunga kwa kiasi cha mtu kuweza kusuuza huku anaimba. Mjane alitaka kuliita povu hilo kwa jina la mwalimu, ambalo hawakulijua, kwa hiyo waliliita Mwalimu tu. Kila alipolipata kiganjani alishukuru kabla ya kulisugua kwenye nguo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule mwalimu aliinua mkono wake wenye chaki, akasema, "Alama ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko hizo mbili—"

Nje ikasikika nyundo.

Mchoraji wa vibao alikuwa amemaliza. Jua lilikuwa kali, rangi ilikauka upesi, na alikuwa na kazi nyingine upande wa sokoni. Hakuwa na ubaya na mtu. Alipanda ngazi yake, akashika msumari, akapiga.

Mwalimu alisubiri nyundo inyamaze. Haikunyamaza.

"Wanapigilia nini?" aliuliza.

Fundi viatu alitazama vidole vyake vya miguu. Mkwe alimtazama mama mkwe wake, na macho yake yalikuwa yanamwomba. Neno dogo tu lingetosha. Tangazo. Paa la jirani. Alama ya tatu ingesemwa, na maji matamu yangepatikana, na mikono yao ingepona.

Mjane alikuwa hajawahi kumdanganya mwalimu.

"Kibao cha barabara," alisema. "Kilishushwa kupakwa rangi. Wanakirudisha."

"Kina jina la nani?"

Akamwambia.

Mwalimu aliliangalia shuka lililokuwa mbele yake, ambapo maneno *alama ya tatu* yalikuwa yanamalizia kukauka, na hayakufuatwa na kitu. Alikung'uta chaki mkononi. Alikiokota kikombe chini, akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu," alisema mjane, akikipokea kwa mikono miwili. "Ulisema kesho, na umekuja. Tulikuwa hatuna hata moja. Sasa imebaki moja tu."

Mwalimu alimwinamia kichwa. Akakusanya joho lake ili pindo lililoungua lisiguse nguo safi, akapita katikati ya mashuka, akapita chini ya kibao kipya, akatoka.