Siku Elinami Alipokuja Kuchukua Samani

Jana usiku niliota kabati langu la sebuleni limeitisha kikao, na ajenda ni mimi.

Mimi ni mjane. Naishi peke yangu hapa Same tangu Baba Elinami afariki. Mwanangu Elinami, aliyeko Dar es Salaam, hupiga simu kila Jumapili kunisihi nikakae kwake, nami kila Jumapili hukataa.

Ndotoni ilikuwa asubuhi, jua limefika kwenye zulia. Stuli zilikuwa zimejipanga ukutani kimya, kama watu waliowahi msibani.

Kabati lilinieleza kwa adabu kwamba nyumba ina sheria yake. Anayeishi peke yake, akikaa muda mrefu bila kucheka, huhesabiwa kuwa samani. Nikauliza sheria hiyo ilipitishwa lini. Birika likajibu kutoka jikoni kwamba ilipitishwa siku niliyoanza kuinjika chai ya kikombe kimoja.

"Mara ya mwisho ulicheka lini, mama?" kabati likauliza.

Nikafikiri sana. Nilichokumbuka ni kukohoa.

Stuli zikatazamana. Mguu wangu wa kulia ukafa ganzi. Nainama kuushika: ni mbao. Mishipa imekuwa mistari ya mti. Stuli moja inasogea, inaugonga, inatangaza kwamba ni mninga. Wenzake wanainamisha vichwa kwa heshima, maana wao ni mkaratusi.

Najikokota hadi mlango wa uani nimwite jirani yangu, Mama Nakijwa. Nafungua, niko kanisani. Ibada inaendelea. Mama Nakijwa anakuja moja kwa moja mpaka nilipo, ananifuta vumbi kwa kanga, ananiwekea chombo cha maua mapajani.

"Mama Nakijwa, ni mimi," namwambia.

Anamgeukia mwenzake, analalamika kwamba viti vya siku hizi vinalia mno.

Kanisa likaanza kutikisika. Kumbe tuko juu ya lori. Elinami yumo, shati limelowa jasho, anazifunga stuli kwa kamba. Nikasikia akimuuliza dereva kama amemwona mama yake. Dereva akasema labda ametangulia. Elinami akanibeba kwa taabu, akaniegemeza kwenye kabati, akapitisha kamba kiunoni pangu.

"Hiki tukifunge vizuri," akamwambia dereva. "Mama alikipenda sana."

Aliposema alikipenda, baridi ikanipanda mpaka mabegani. Nikamwita jina lake la utotoni. Akadhani ni gurudumu linalolia, akainama kulitafuta.

Mbao ikafika kifuani. Lori linaondoka. Naliona paa la nyumba yangu likizidi kuwa dogo.

"Bado shingo," kabati likaninong'oneza. "Kama lipo la kuchekesha, liseme sasa."

Nikasema halipo. Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza, nikalisimulia habari ya redio. Juzi mtangazaji alisema, "Shikamooni wazee wote mnaotusikiliza." Nikaitikia marahaba, nikaacha kupeta mchele, nikamsubiri aniulize za asubuhi. Yeye akaanza kusoma bei za vitunguu. Nikamzima kwa utovu wa adabu. Jioni nikamwasha tena, nione kama amejirekebisha.

"Alijirekebisha?" kabati likauliza, halicheki.

"Aliniamkia upya," nikasema. "Nikamsamehe."

Nilipojisikia nikisema nimemsamehe, kitu kikalegea kifuani, kama msumari unaong'oka. Nikacheka. Nilicheka mpaka kamba ikafunguka na stuli zote zikaanza kurukaruka. Nilicheka na machozi yakanitoka, na machozi yalipogusa mbao ikawa ngozi.

Elinami akageuka. Alikuwa na uso ule wa siku tuliyomzika baba yake.

"Mama?"

"Nishushe," nikamwambia. "Nimeacha maharage jikoni."

Nikaamka. Kumekucha, na simu inaita. Ni Elinami, ingawa leo si Jumapili. Akaniuliza kama nimeamka salama, akauliza tena. Kuhusu kuhamia kwake hakugusia. Akasema mgongo unamuuma, hajui ameulaza vipi.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Mninga ni mzito."

Nikamsikia akiinuka kitandani.

"Mama," akasema taratibu, "nani amekuambia kile kiti nilichobeba kilikuwa cha mninga?"