Sauti ya Mzee Zahran Haifunguki

"Usinambie nisubiri! Toka jana unanambia subiri, subiri!" Amour akaipiga meza hata kipanya cha kompyuta kikaruka. "Iko wapi sauti ya baba?"

"Imo ndani ya diski, kaka. Wallahi imo, ila haifunguki."

"Imo, haifunguki! Na maiti naye yumo kaburini, haamki!"

Mabrouk, mdogo wake, kaiinamia kompyuta. Macho kayakodoa kwenye kioo cheusi kitupu, hakina picha hakina rangi, maandishi meupe tu na kijistari kinamkonyeza kama kinamcheka. Akaandika tena ile amri aliyopewa na Jaku, rafiki yake wa intaneti kafe ya Shangani. Akabonyeza. Kompyuta ikamrudishia yale yale: sehemu ile ya diski haitambuliki.

Jaku huyo huyo ndiye aliyempa sidii ya Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta. "Chukua yakhe, virusi utavisikia kwa jirani." Akamwambia diski itagawika pande mbili, mambo ya zamani yakae kwao na Linux ikae kwake, kama chumba kilichotiwa pazia. Mabrouk kamaliza Fomu Foo, kazi hana, siku nzima barazani. Akajiona keshakuwa fundi, akaitia sidii.

Sasa huo upande wa zamani ndimo alimo marehemu baba yao, Mzee Zahran, anasoma maulidi. Kanda aliyorekodiwa ilioza kwa ukungu, wakaitupa walipokwisha kuihamishia kwenye kompyuta. Na kesho kutwa nyumba hii ina maulidi ya Mfungo Sita, ya mwanzo tangu azikwe, na mama yao, Bi Rawiya, keshawaambia wanawake wa mtaa mzima kuwa watamsikia.

"Nakala nyengine umeiweka wapi?" Amour kaishusha sauti, na hapo ndipo alipotisha zaidi.

"Sikuweka."

"Hakuweka! Mama, unamsikia fundi wako? Chai tu akibandika anaunguza sufuria, leo kawa mtu wa kompyuta!"

Bi Rawiya alikuwa kakaa kitandani, ncha ya ukaya wake wa kichwani anaisokota kidoleni.

"Mabrouk."

"Naam, mama."

"Juzi alasiri. Ule waya nliouchomoa mie."

Mabrouk alikuwa anaomba asiukumbuke. Juzi diski ilikuwa ndo inagawika, mstari unajaa pole pole, na yeye kukaa kitako hawezi, akashuka kununua urojo. Redio kaiacha inaimba, imechomekwa pamoja na kompyuta kwenye waya mmoja. Mara adhana hiyo, na ngoma ndani inalia. Vitufe vya redio mama havijui, na nyumba yake haipigi ngoma muadhini akiita. Akaung'oa waya ukutani. Mabrouk anarudi na urojo wake, mashine imezimika, kazi imekatikia kati.

"Nambie kweli, mwanangu. Ndo mie nliyemzima baba yenu?"

Amour akamgeukia mdogo wake. Neno moja tu, "ndiwe", lilitosha kumtoa Mabrouk lawamani. Lilikuwa limeshafika ulimini.

"La, mama. Wapi na wapi! Ilikuwa ishaharibika zamani. Nlibonyeza pasipofaa, mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

"Alhamdulillahi." Bi Rawiya akashusha pumzi, uso ukamfunguka. "Basi jaribu tena, baba. Si uliharibu wewe? Utatengeneza wewe."

"Atengeneze nini huyu!" Amour akadakia. "Mharibifu mkubwa, na haya hana!"

Mama akasimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa Mabrouk, anangoja kumsikia mumewe. Mabrouk akaandika. Kidole kikakaa juu ya kitufe, hakitaki kushuka. Akabonyeza.

Yale yale.

"Inasemaje?" mama akauliza.

Amri nyengine hakuwa nayo, na ule mkono begani ulikuwa haujaondoka. Akautoa taratibu, akauweka juu ya mgongo wa kiti, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Amour akamkemea. "Mama anakuuliza!"

Mabrouk akavaa kandambili zake, akatoka, akaurudisha mlango.