Pembe ya Bihogo

Madame Arlette alikuwa mkali, tusifichane. Pale mjini Baraka, kando ya ziwa, mwanafunzi aliyeingia katika kikundi chake cha ngoma alijua mapema kwamba mdomo unabaki nje. Hadithi ilisemwa kwa mabega, kwa magoti, kwa mgongo. Ukifungua mdomo kueleza, unarudia tangu mwanzo, na jasho utalifuta mwenyewe.

Na kazi aliijua. Alikuwa Mbembe wa kijiji cha Lweba, binti wa mvuvi. Siku moja mwanafunzi Bertin alicheza kupiga kasia, Arlette akamtazama bega tu, akasema, "We Bertin, baba yako amerudi bila ndagala hata moja, na iko na hasira." Darasa zima likacheka, maana asubuhi ile ndivyo ilivyokuwa kweli.

Ila ng'ombe hakuwajua. Kwake ng'ombe alikuwa pembe mbili na mkia, basi.

Ndipo akaja Uwamwiza, msichana wa Kinyamulenge, watu wa ng'ombe, aliyeteremka kutoka milimani na baba yake wakati wa vita. Mama yake aliuawa njiani, na hawakupata hata nafasi ya kumzika. Tangu siku ile baba yake, Ngabo, hakulitaja jina la mkewe. Nyumbani mwao jina lile likawa kaa la moto, hakuna wa kuligusa.

"Madame," Uwamwiza alimwambia Arlette walipokuwa wakifagia darasa, "mi nataka baba aseme jina ya mama. Mara moja tu. Nikimwambia kwa mudomo, anatoka inje."

"Basi usimwambie kwa mudomo," Arlette akajibu, na moyo ukamuuma. "Uicheze."

Uwamwiza akachagua kumcheza ng'ombe ambaye mama yake alipewa na wazazi wake alipoolewa. Watu wa kwao wakicheza huinua mikono iwe pembe. Mkono wake wa kulia ulipanda vizuri kabisa. Wa kushoto ulimwangukia usoni, ukamfunika jicho.

"Mukono juu! Ng'ombe gani hiyo, inasinzia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Uwamwiza alifungua mdomo aeleze, akaikumbuka sheria, akaufunga. Kesho yake mkono ukaanguka tena. Arlette akausukuma juu kwa kiganja chake, tena na tena, mpaka ukazoea kukaa huko. Akaridhika, maskini! Akamsifu mbele ya wote.

Siku ya wazazi ikafika. Watu wa ziwani walikaa upande mmoja wa darasa, wa milimani upande wa pili, katikati wakaacha njia pana. Ngabo alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Arlette alisimama ukutani hatua chache kutoka kwake.

Ngoma ikalia. Uwamwiza akaingia, mikono juu, pembe mbili zimelingana kama za kuchorwa. Watu wakapiga makofi. Ngabo hakupiga. Alimtazama binti yake kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani, kisha akamwinamia aliyekaa kando yake.

"Hii ng'ombe iko ya nani? Kwetu haikukuwaka ng'ombe ya hivi."

Akavaa kofia, akainuka aende zake.

Arlette alisikia. Lo! Alikiona tena kiganja chake kikiusukuma ule mkono, na mtoto amefumba mdomo kwa sababu yeye, mwalimu, alimkataza kusema. Mungu wangu, pembe ya ng'ombe yule iliinamia jicho! Ilikuwa hivyo, na mimi nimeivunja!

Akatoka ukutani mbio mpaka mbele, mahali Uwamwiza angemwona. Mwalimu mzima, mbele ya wazazi, akainua mikono yake miwili juu, halafu akauacha wa kushoto uanguke usoni pake. Mtu akacheka. Acha acheke.

Uwamwiza aliona. Mkono wake wa kushoto ukashuka polepole, ukamfunika jicho.

Ngabo alikuwa ameshika mlango; kicheko kilimgeuza, akauona ule mkono. "Bihogo," akamwita ng'ombe kwa jina.

Uwamwiza akazunguka, kisha akaketi chini na kunyoosha miguu. Sasa hakuwa ng'ombe tena. Alikuwa mwanamke aliyepakata kibuyu, anasukasuka maziwa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ameinamisha uso. Mpiga ngoma akanyamaza bila kuambiwa.

Ngabo akapita ile njia ya katikati, watu wa huku na wa kule wakimtazama, mpaka akasimama mbele ya binti yake.

"Hapana hivyo, mwanangu," akasema. "Inua uso. Angalia mulango. Mukarurangwa alikuwa anasukasuka maziwa akiangalia mulango, ili akuone we ukicheza inje."

Uwamwiza akalisikia jina la mama yake, akainua uso, akautazama mlango, akaendelea kusukasuka huku machozi yakimtiririka.