Ngamia wa Kwenye Kichupa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye makumbusho ya nchi za watu, nimekwenda kulalamika. Nalalamikia nini, ndoto haikusema. Mimi huwa sikosi jambo.

Ndani ya kabati la kioo kuna kichupa cha udongo, ukubwa wa ngumi. Mahujaji Wakristo wa zamani walikwenda Misri kwenye kaburi la mtakatifu, wakajaza vichupa hivi mafuta kutoka kwenye taa iliyowaka hapo, wakavivaa shingoni kurudi kwao. Ubavuni amechorwa mtakatifu mwenyewe, mikono juu. Miguuni pake ngamia wawili wamepiga magoti.

Mikono juu naijua. Mwaka tuliokataa kupima pamba kwenye mizani mbovu, askari walitupanga uwanjani, mikono juu, kutwa nzima. Afande wao anatafuna muwa mbele yetu. Mpaka leo namkumbuka, hadi kamba za viatu vyake. Siku ile niliapa: mimi, Machibya, sitainua tena mikono mbele ya kiumbe.

Nikagonga kioo. "Ndugu, nani kakukamata?"

"Sijakamatwa," akajibu mtakatifu. "Nasali."

"Ndivyo wanavyowafundisha kusema."

Nikawageukia ngamia. "Na nyie? Mmepigishwa magoti tangu enzi za Warumi, mnaona sawa tu? Inukeni!"

"Rudia," akasema ngamia wa kushoto.

"Inukeni!"

Wakainuka.

Kioo hakipo. Tuko jangwani, nyuma yangu foleni ya mahujaji haina mwisho. Kaburi linaanza kuteleza mchangani kama sabuni kwenye beseni. Linateleza, linateleza, linasimama ndani ya ofisi yetu ya kata, kati ya benchi na ubao wa matangazo. Taa inazimika. Mafuta yanakauka.

Mtakatifu akashusha mikono, akajinyoosha. "Asante, ndugu. Mgongo uliniwasha karne nyingi." Akatoka nje akijikuna.

Foleni nzima ikanigeukia. Wa kwanza ni bibi mmoja, Tekla, aliyekuja kwa miguu kutoka Nubia. Macho yake yameziba kwa maradhi, amekumbatia kichupa kitupu.

"Zamu yangu ndiyo imefika," akasema, "na wewe ndiyo umefika na mdomo wako."

"Bibi, nimewakomboa ngamia."

"Uliwauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Miaka yote ya harakati, hilo swali sikuwahi kulipata.

Ngamia wa kulia alikuwa anakula tangazo la chanjo ya kuku. Akameza kwanza. "Sisi ndio tulioubeba mwili wa mtakatifu. Wakubwa wakataka tuendelee na safari. Tukapiga magoti. Wakatuchapa, hatukuinuka. Mwisho wakamzika palepale."

"Kumbe mlikuwa mmegoma?"

"Ulidhani tumechoka?"

Mimi, Machibya, nimevunja mgomo.

"Basi pigeni magoti tena, ndugu zangu."

"Kwa amri? Hata siku moja," akasema wa kushoto. "Tunapiga magoti penye mikono juu. Ndivyo tulivyochorwa."

Nikachungulia dirishani. Mtakatifu ameegemea nguzo, anajikuna, amefumba macho kwa raha. Huyo harudi leo.

"Inua mikono wewe," akasema Bibi Tekla.

"Bibi, mimi nina kiapo."

"Na mimi nina macho."

Mimi ambaye nimewahi kumjibu mkuu wa wilaya hadi akasahau kofia yake, nikakunja mikono ya shati.

Nikainua. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe. Wa kushoto ulibisha kidogo. Nikasubiri sauti ya muwa, sikuisikia. Nilichosikia ni magoti ya ngamia yakigusa sakafu ya kata, kisha yakawa yanagusa mchanga. Kaburi liko mahali pake. Taa inawaka. Mafuta ya zeituni yanadondoka, tone kwa tone, ndani yangu.

Kumbe nimeshakuwa udongo. Tumbo la mviringo, mdomo juu, masikio ndiyo vishikio. Bibi Tekla anapitisha kamba masikioni, ananivaa shingoni.

"Bibi, nitakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka nione. Nyamaza, unamwaga."

Anachovya kidole mdomoni mwangu, anapaka jicho la kwanza. Linafunguka. Ananitazama kwa makini.

"Sauti ilinidanganya," akasema. "Nilidhani ni mtu mrefu."

Akachovya tena, akapaka la pili.

Nikaamka. Kumekucha, mikono yangu imeganda juu hewani, na mke wangu, Mama Minza, ameniinamia ananusa midomo yangu.

"Baba Minza, umekunywa mafuta yangu ya kupikia?"

"Sijaondoka kitandani."

Akaenda jikoni, nikamsikia anafungua dumu. Akarudi polepole, akanifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akanusa khanga, akanusa tena.

"Yetu ni ya alizeti," akasema, "na dumu limejaa. Haya ni ya nini?"