Laini ya kwenda Beni

Lusenge alikuwa anaunganisha simu katika nyumba moja kubwa ya biashara pale Butembo. Vita ilishaharibu simu za serikali, lakini patron, mwenye nyumba ile, alisimamisha antena yake mwenyewe kilimani, akapata laini moja ya kuongea na depo yake ya bidhaa kule mji wa Beni. Bureau zote, yaani ofisi za nyumba ile, ziliigombania. Ndiyo maana patron alimwambia Lusenge: "Uchunge nani anaishika, na anakawia namna gani. Lakini kusikiliza maneno ya batu, hapana."

Mbele yake palikuwa na taa ndogo ndogo, kila bureau na yake. Wiki ile ya mvua, taa iliyowaka zaidi ilikuwa ya bureau ya kahawa. Na katika bureau ya kahawa alikaa sekretere mmoja tu, Florentine, bibi yake wa ndoa.

Kule Beni aliyepokea simu ni Onésime. Huyo ndiye aliyetaka kumuoa Florentine kwanza, familia zikashindwa kuelewana juu ya mbuzi wa mahari. Lusenge alikuja nyuma na mbuzi wake, akapewa bibi. Kama moyo wa bibi nao ulikuja, hakuwahi kuuliza. Alikataza tu jina la Onésime lisitajwe nyumbani.

Jioni moja alisema: "Leo uliongea sana na Beni."

"Ni kazi," Florentine alijibu, akigeuza bugali.

"Kahawa haina maneno mingi vile."

Florentine akapakua bugali. Lusenge akala bila kusikia ladha ya kitu.

Kesho yake taa ile ikawaka tena. Alivumilia kidogo, kisha akavaa kaske masikioni na kuingia katika laini asikilize. Akasikia bibi yake akicheka, cheko la chini ambalo yeye hakuwa amelisikia tangu vita ilipokaribia. "Onésime, Mungu akubariki," alikuwa anasema. "Hapana kuambia Lusenge kwanza. Sasa, ile kamyo..."

Lusenge akachomoa waya.

Papo hapo Florentine akamupigia. "Laini imekatika. Unirudishie Beni, tafazali."

"Patron anaihitaji."

"Ni neno moja tu, Lusenge."

"Hapana."

Akaiacha laini imekufa mpaka saa ya kufunga.

Florentine alimungoja mulangoni, uso mukavu. "Mama yangu alikimbia basoda na bunduki zao kule Mangina, akafika Beni kwa miguu, mugonjwa," alisema. "Onésime alimutafuta kati ya bakimbizi mpaka akamupata. Leo kamyo ya patron ilikuwa inakuja Butembo. Alikuwa anauliza kama mama apande. Kamyo imeenda bila yeye. Ni wewe ulikata?"

"Juu ya nini ulinificha?"

"Ulikataza jina yake mu nyumba. Ningekuambia namna gani?"

Asubuhi Lusenge aliomba ruhusa, akapanda gari la kwenda Beni. Alimukuta mama-mukwe katika mtaa wa Beu, amelala kwenye kitanda cha Onésime, miguu imevimba. Onésime mwenyewe alikuwa amelala chini, juu ya mukeka. Hakuwa na bibi. Lusenge aliangalia chumba kile safi, sufuria ya uji, dawa iliyowekwa karibu na kichwa cha mugonjwa, na kila kitu kikamuchoma.

"Niliingoja simu mpaka jua likashuka," Onésime alisema.

"Ni mimi niliikata."

"Nilijua."

Wakati wa kwenda kwenye gari, Lusenge aliinama ambebe mama, lakini mama alikuwa amekwisha kumushika Onésime shingo. "Onésime ni mutoto muzuri," alisema njiani, na akarudia tena walipokaribia Butembo. Lusenge alimufunika blanketi, akaangalia barabara.

Siku kadhaa zilipita kabla Lusenge hajapata nguvu ya kumuuliza bibi yake. Mama alikuwa anasinzia kwenye kiti, na Florentine anamuosha miguu.

"Ungali unamupenda?"

Florentine hakuinua kichwa. "Nilikuwa nimeshamusahau. Lakini siku ile ulikataa kunirudishia Beni, nikamukumbuka."

Alipangusa miguu ya mama pole pole. Lusenge akachukua beseni, akaenda kumwaga maji nje, akabaki amesimama kwenye matope, beseni tupu mukononi, mpaka mama akamka na kuuliza Lusenge yuko wapi.