Kanyagio la Babu

Babu alikuwa fundi cherehani, na sungura wake wawili waliishi chini ya mashine. Hakuwajengea banda. Walilala kwenye rundo la vipande vya nguo vilivyobaki baada ya kukata mashati na sare za shule, wakajizika humo hadi masikio tu yakaonekana. Dume tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu alikagua kila jani kabla ya kulila, kama aliyetumwa na serikali. Jike alikuwa Mama Kelele. Sungura hana sauti ya maana, lakini huyu akiona jambo asilolipenda alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu, hadi jirani akauliza kama tunatwanga.

Mimi niliacha shule darasa la tano, nikakaa na Babu kushona vifungo. Hatukuwa watu wa maneno. Yeye alikanyaga, mimi nilishona, sungura walikula. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, kwa hiyo mashine yake ilikuwa na mwendo wake: ilikwenda, ikasita kidogo kama inayovuta pumzi, halafu ikapiga mbili za haraka na kuendelea. Ungekuwa barabarani ungejua ni yeye. Bwana Shamba alilala kando ya kanyagio na kula kwa mwendo huohuo. Mashine ikinyamaza, naye aliacha. Ungemwekea majani mabichi ya karoti, angeyalalia tu.

Babu alipofariki, shangazi, binti yake, alikuja kukaa nami. Kila asubuhi nilikanyaga kidogo ili Bwana Shamba ale. Shangazi alidhani najifunza kazi. Yeye ni mtu wa utani, na mimi aliniita Kimya. Alisema sungura wanaweza kubaki, ila kuzaa basi, maana hapakuwa tena na Babu wa kuwagawia majirani watoto wao, na kwa kasi ile nyumba ingekuwa yao na sisi tungekuwa wapangaji. Ndiyo sababu tulimpeleka Bwana Shamba kuhasiwa.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mwembamba mwenye mikono iliyonuka dawa. Alipofungua boksi aliuliza jike yuko wapi. Alisema sungura waliozoeana huletwa pamoja, la sivyo mmoja akirudi na harufu ya hapa, mwenzake hamtambui.

"Nimlete mke wake aje kushuhudia?" shangazi alisema, na hata daktari akacheka.

Kabla ya kumchukua aliuliza kama kuna lolote la pekee katika ulaji wake. Shangazi alisema anakula kama watu wa harusini. Mimi nilifungua mdomo. Daktari alikuwa ameshageuka, na nikaona aibu kumwambia mtu aliyesoma kwamba sungura wangu hula kwa kusikiliza cherehani. Nikaufunga.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tuliporudi kumchukua, daktari alitupa dawa ya maumivu na bomba la sindano lisilo na ncha, la kumlishia uji wa majani akikataa kula mwenyewe. Alisema alale pasafi, juu ya kitambaa, asiruke. Kisha alisema jambo ambalo shangazi hakulifanyia utani. Sungura si kama mbwa, tumbo lake likisimama halirudi kwa urahisi. Kama kesho giza linaingia hajala, tumrudishe, lakini hatatuficha, wengi wanaorudi hivyo hawatoki.

Nilibeba boksi mapajani mwangu njia nzima. Alikuwa mwepesi kuliko asubuhi.

Shangazi alichukua neno pasafi kwa moyo wote. Alifua vipande vyote vya chini ya mashine kwa dawa ya madoa, akapiga deki mara mbili, akaanika, akatandika upya. Na kwa kuwa alikuwa ameshaahidi kumuuzia mashine fundi wa mtaa wa pili, aliitayarisha siku hiyohiyo. Alivua mkanda akautia kwenye droo, akakifunga kichwa cha mashine kwa shuka, na kanyagio akalifunga kwa kamba lisimpige mgonjwa. Chumba kilinuka kama kile cha daktari. Hakuna kilichobaki mle ndani chenye harufu ya Babu.

Tulimweka Bwana Shamba mahali pake. Mama Kelele alisogea, akamnusa, akarudi nyuma. Pu. Alimkimbia mpaka ukutani na kumtazama kwa jicho moja, akapiga tena na tena, kama aliyeingiliwa na mtu asiyemjua. Baadaye aliacha kumtazama. Aligeukia kigoda cha Babu, kilichokuwa kitupu mbele ya mashine, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuinua pua juu. Hivyo ndivyo alivyozoea kufanya Babu alipompa jani kwa mkono wa kushoto. Alisimama muda mrefu kuliko sungura anavyoweza kusimama.

"Huyu naye anamwomba nani?" shangazi aliuliza.

Bwana Shamba hakula jioni ile, wala asubuhi. Tulimkamulia uji mdomoni, ukatokea upande wa pili. Alijikunja, macho nusu, na ukimwinamia ulisikia meno yakisagana taratibu, jambo ambalo daktari alisema ni maumivu. Tumbo lake lilikuwa gumu. Chini yake kitambaa kilikuwa kisafi kabisa, hakuna hata kinyesi kimoja, na sikuwahi kufikiri ningelilia kitu kama hicho.

Alasiri mvua ilishuka, chumba kikawa kama jioni. Shangazi alikwenda jikoni kuponda majani mengine, akaniambia niandae boksi, akimaliza tumrudishe.

Sikuandaa boksi. Nilifungua kamba ya kanyagio, nikaketi kwenye kigoda, nikakanyaga.

Bila mkanda mashine haishoni. Gurudumu kubwa la chini linazunguka bure, na kanyagio linalia peke yake, kata kata. Sikio moja la Bwana Shamba liliinuka. Nilikanyaga zaidi. Akanyoosha shingo kuelekea majani, akayanusa, akarudi kujikunja. Nikajua kasoro ni nini. Mwendo wangu ulikuwa sawasawa, wa mtu mwenye magoti mawili mazima; alipokuwa na afya ulimtosha, sasa haukutosha. Nilijaribu kusita na kupiga mbili, ikatoka kama mtu anayejikwaa. Nilijaribu mpaka msuli ukanikaza. Nikainua miguu yote miwili nikaiweka juu ya ubao unaounganisha miguu ya kigoda, nikainama kusugua msuli.

Kanyagio lilipungua kasi. Likasimama.

Kisha likashuka lenyewe, likasita kidogo kama linalovuta pumzi, likapiga mbili za haraka, likaendelea.

Niliitazama miguu yangu. Ilikuwa juu ya ubao. Kanyagio lilikwenda, likasita, likapiga mbili. Kandokando ya mguu wangu wa kulia palikuwa na baridi, kama mtu aliyetoka mvuani ameketi karibu nami, na nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani mahali palipofuliwa kwa dawa ya madoa. Nilitaka kukimbia. Lakini kigodani nisingetoka bila kugusa kile kilichokuwa pale, na chini, karibu sana na chuma, Bwana Shamba alikuwa ameshika ncha ya jani.

Hakulikagua. Alilila. Taya lake likaenda na kanyagio, likasita nalo, likaanza nalo. Mama Kelele alitoka ukutani. Nilimngoja apige sakafu. Alipita mbele ya kigoda, akasimama kidogo akiinua pua, akashuka, akaenda kujilaza ubavuni mwa mumewe, akaanza kumlamba paji la uso.

Shangazi aliingia na bakuli na lile bomba. Alikuwa akisema neno kuhusu mvua, akalikatiza. Alimtazama sungura. Akatazama kanyagio. Halafu akatazama miguu yangu kwa muda mrefu, na uso wake ukawa wa msichana mdogo aliyesimamishwa mlangoni na baba yake.

Nilianza kushusha mguu mmoja, nitoke.

"Usishushe," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwache amalize."

Akaketi sakafuni pale mlangoni, bakuli mapajani. Tulikaa hivyo mpaka jani la mwisho. Lilipokwisha, kanyagio lilisimama lenyewe, taratibu, kama anavyosimamisha mtu anayejua mashine yake. Asubuhi kitambaa kilikuwa kichafu, na shangazi alikikunja kwa heshima kama hati ya nyumba.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja na mkokoteni siku waliyopatana. Shangazi alimpokea nje, hakumkaribisha ndani. Alimwambia asamehe usumbufu, mashine haiuzwi. Yule fundi alisema alisikia marehemu hakuacha mtu wa kuitumia.

Ndani, mkanda ulikuwa bado kwenye droo. Mimi nilikuwa sakafuni nashona kifungo, kwa sababu sasa kwenye kigoda hatuketi.

Shangazi aligeuza sikio kuelekea ndani, kwenye mashine.

"Ina mwenyewe," alisema, akafunga mlango.